Kutoka Upelelezi Hadi Majini: Namna Ninavyochagua Riwaya Mpya za Maktaba

Msomaji anayefika maktaba na kuomba "riwaya nzuri mpya" huwa bado hajasema anachokitaka, na kazi ya mkutubi huanzia hapo. Kwa kawaida huulizwa anapenda aina gani: upelelezi, mapenzi, historia, au visa vya majini. Mimi humuuliza kwanza ni kitabu gani alichokimaliza karibuni bila ya kulazimishwa, na ni kipi alichokiacha njiani, kwa sababu majibu hayo mawili huonesha mambo ambayo jina la aina haliyaoneshi, yaani kasi ya hadithi anayoipenda na kiasi gani anataka kuyakuta kitabuni maisha anayoyajua. Baada ya miaka mingi ya kazi hii hapa Unguja, nimeamini kwamba msomaji wa riwaya pendwa, yaani zile zinazosomwa kwa starehe, huhama kutoka aina moja kwenda nyengine kwa urahisi mkubwa, mradi apewe kitabu chenye mwendo aliouzoea.

Upelelezi ndio unaonionesha jambo hilo waziwazi. Wapo wahakiki wanaoitaja riwaya pendwa kwa dharau kidogo, lakini Zanzibar dharau hiyo ni ngumu kuitetea, kwa kuwa mmoja wa waliotangulia kuiandika riwaya ya Kiswahili ya kisasa, Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alikuwa mwandishi wa upelelezi. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda mashindano ya uandishi wa hadithi ya mwaka 1957 na 1958, ikachapishwa mwaka 1960, na ikafuatiwa na Kisima cha Giningi mwaka 1968, Siri ya Sifuri mwaka 1974 na nyenginezo. Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya hizo, na kiko chake, pamoja na sahibu yake Najum, bado wanaazimwa na watu ambao wazazi wao hawakuwa wamezaliwa vitabu hivyo vilipoanza kutoka. Ukivisoma kwa makini utaona kwamba nguvu yake haimo katika mbio wala risasi. Imo katika mazungumzo, katika nasaba, katika mtu aliyeficha jambo la nyumbani kwake kwa miaka, na katika swali la nani ni mtoto wa nani.

Sasa mchukue msomaji aliyemzoea Bwana Msa umpe riwaya ya Elvis Musiba yenye shujaa Willy Gamba, au ya Ben Mtobwa yenye shujaa Joram Kiango. Zote zimo katika rafu ya upelelezi, na zote zimeandikwa kwa ustadi, lakini mwendo ni mwengine kabisa: ndege, hoteli, majasusi, bastola, na shujaa asiyekaa mahali pamoja kwa sura mbili. Wapo wanaozipokea kwa furaha, ila aliyempenda Bwana Msa kwa sababu ya fumbo huzirejesha mapema akasema ni kelele tupu. Mtu wa namna hiyo hafai kupelekewa jasusi mwengine. Anafaa kupewa riwaya yoyote yenye siri ya ukoo, hata kama haina polisi ndani yake, naye ataifuata hadi mwisho.

Kwa riwaya mpya ya upelelezi ninayopendekeza inunuliwe, kipimo changu ni kimoja: je, mwandishi amempa msomaji dalili kabla ya kuifichua siri, au amezikalia zote ili aonekane mjanja katika sura ya mwisho? Zile za namna ya pili husomwa mara moja tu na hakuna anayemsimulia mwenzake. Kipimo hiki nakitumia hata pale jalada linapokuwa zuri mno, na majalada ya siku hizi ni mazuri kuliko yaliyomo ndani mara nyingi kuliko inavyostahili.

Rafu ya mapenzi ndiyo inayoonewa kuliko zote. Orodha za manunuzi huandikwa na watu wanaoona haya kuitetea, ilhali vitabu vyake ndivyo vinavyochakaa mwanzo. (Wanaume huviazima pia, huviweka chini ya kitabu cha historia wanapofika mezani, nami hupiga muhuri vyote viwili bila ya kuinua uso.) Kosa la wanaovidharau ni kudhani kwamba hadithi ya mapenzi ni ya watu wawili. Katika visiwa hivi mapenzi yana wazazi, yana shangazi na mjomba, yana posa iliyokataliwa, mahari, mke mwenza na majirani wanaojua kila kitu, kwa hiyo riwaya nzuri ya mapenzi ni riwaya ya jamii nzima.

Mfano wangu wa kila siku ni Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999. Kwa kuwa imesomeshwa kidato cha tano na cha sita, wengi wanaijua kama kitabu cha siasa na cha mtihani, na aliyefanya mtihani hataki tena kukiona. Lakini hadithi inaanza na Yasmin, binti mdogo aliyeozwa kwa Bwana Raza, mfanyabiashara aliyempita umri kwa mbali, akamkimbia; na siasa za Zanzibar ya miaka ya 1950 zinaingia kupitia Denge, kijana mpigania uhuru, na mapenzi yaliyomkuta Yasmin huko mbele. Nimewapa kitabu hiki watu waliosema hawataki siasa hata kidogo, wakaja kuniuliza mwandishi ana nini chengine, hapo nikawapa Kuli, ya mwaka 1979, ambayo inawafikisha kwenye mgomo wa makuli wa bandarini wa mwaka 1948. Filamu ya Vuta N'kuvute aliyoiongoza Amil Shivji, iliyotoka mwaka 2021, imesaidia pia, kwani aliyeiona kwenye skrini hakianzi kitabu kama adhabu ya skuli. Tatizo lililobaki ni la nakala: msimu wa mitihani ukifika, zote huchukuliwa na wanafunzi, na msomaji wa starehe hukuta nafasi tupu. Ndiyo maana nashikilia kwamba kitabu cha mtaala kiwe na nakala mbili zisizoazimishwa kwa ajili ya masomo, ingawa walimu hawanipendi kwa hilo.

Katika riwaya za karibuni zaidi, Mungu Hakopeshwa ya Zainab Alwi Baharoon ni ya kumpa mtu aliyezoea mapenzi na sasa anataka kitu kizito kidogo bila ya kutoka nje ya mlango wa nyumba.

Tangu Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipopata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, wanaingia watu wanaomtaka yeye kwa jina, na tangu mwaka 2022 ninacho cha kuwapa kwa Kiswahili: Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Hiyo si riwaya pendwa, na sitaki kumdanganya mtu. Hata hivyo naiweka kwenye meza ya vitabu vipya pamoja na zile za kusisimua, kwa sababu kisa cha kijana Yusuf, anayechukuliwa na tajiri Aziz kwa deni la baba yake kisha akaingizwa katika msafara wa kwenda bara, kina yote anayoyataka mpenzi wa hadithi za safari: njia ndefu, hatari, wageni, na mtu asiyejua atarudi vipi. Nampa msomaji onyo moja tu, kwamba mwendo ni wa taratibu.

Majini, mizimu na wafu waliofufuka vinaombwa zaidi na vijana, na hapa tumepungukiwa. Vingi vinavyopatikana vimechapishwa kwa haraka. Kwa aliyekwisha kuvisoma hivyo na anataka kupanda daraja, ninayo Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Pemba, ya mwaka 2001, ambamo babu anatoka kaburini kumwandama mjukuu aliyelewa madaraka. Aliyekuja kutafuta hofu ataipata, na kejeli ataikuta huko huko. Hadithi za sayansi ya kubuni ni chache zaidi, nami huelekeza kwenye Bina-Adamu! ya K. W. Wamitila, ya mwaka 2002, kwa tahadhari, maana si nyepesi.

Vijana hao hao wanasoma sana kwenye simu, hadithi zinazotolewa sehemu kwa sehemu katika makundi ya WhatsApp na Facebook, ambapo sehemu za mwisho hulipiwa. Maktaba haiwezi kuazimisha kitu ambacho hakijachapishwa, lakini inaweza kujifunza kutoka huko: wasomaji hawa wamezoea kungojea muendelezo, kwa hiyo kununua sehemu ya kwanza ya riwaya bila ya ile ya pili ni kuwakosea. Mwandishi akizichapisha hadithi hizo mwenyewe baadaye, mimi hukagua kwanza mgongo wa kitabu kabla ya kusoma hata ukurasa mmoja. Gundi dhaifu haistahamili unyevu wa visiwani, na masika moja inatosha kuzitawanya kurasa.

Limebaki suala la rafu. Riwaya tunazipanga kwa jina la mwisho la mwandishi, utaratibu unaofanya kazi vizuri mahali penye majina ya ukoo yanayotofautiana. Kwetu unawarundika akina Mohamed wote pamoja, kwa hiyo Said Ahmed Mohamed na Mohamed Suleiman Mohamed, mwandishi wa Kiu na Nyota ya Rehema, hukaa bega kwa bega, na msomaji anayemtafuta Said kwenye herufi S huondoka akiamini hatuna. Nimeweka kadi za kuelekeza kwenye herufi hizo, na katika fomu ya maombi ya vitabu nimeongeza nafasi ya kuandika jina la mwandishi kama mtu anavyolitamka, pamoja na lile swali la kitabu ulichokiacha njiani. Fomu ipo mezani, na orodha ya manunuzi hufungwa kila baada ya miezi mitatu.