Si kila tumbo la mtoto ni chango

Huku kwetu, kuanzia Tukuyu hadi Makete, mtoto mchanga akilia na kukunja miguu, neno la kwanza ni chango. Bibi anachemsha dawa, jirani analeta mafuta ya kukandia. Mara nyingi ni gesi tu, hupoa yenyewe. Shida ni yule mtoto mmoja ambaye utumbo wake umejiingiza ndani ya utumbo, kama mkono wa sweta unavyorudi ndani ukilivua kwa haraka. Kipande kilichobanwa hukosa damu, kikaanza kuoza. Huwapata zaidi watoto wa miezi 4 hadi 10, tena wanono, wenye kadi ya kliniki isiyo na kasoro.

Sikiliza anavyolia. Analia ghafla kwa nguvu, anakunja magoti, anapauka. Dakika chache ananyamaza, hata ananyonya au kusinzia. Baada ya dakika 15 au 20 yanaanza upya. Kule kunyamaza ndiko kunakodanganya wazazi, na niseme ukweli, hata sisi waganga wa hospitali. Kisha anatapika, kwanza maziwa, baadaye nyongo ya kijani. Matapishi ya kijani, hata kwa kichanga wa siku 3, hayangoji kuche.

Choo cha damu na ute, chekundu kama jamu, huja mwishoni. Hapo wengi hununuliwa dawa ya amiba, siku mbili zikapotea. Mwenye kuhara damu huharisha mara nyingi, tena mara nyingi ana homa; huyu wa utumbo uliojiingiza hutoa kidogo tu huku tumbo likizidi kujaa.

Akishatapika kijani, usimpe ziwa wala uji. Usimwingizie dawa ya mitishamba kwa njia ya haja kubwa, kwani utumbo uliodhoofika hutoboka upesi. Kituoni mwambie mhudumu: analia kwa vipindi, anatapika kijani, choo kina damu. Safari ya rufaa ikiwa ndefu, awekewe dripu na mpira wa puani unaofika tumboni kabla ya kuondoka.

Akifika ndani ya saa 24, penye vifaa na daktari wa upasuaji, mara nyingi utumbo hurudishwa kwa kusukuma hewa au maji taratibu kupitia njia ya haja kubwa. Akichelewa ni kisu, na kilichooza hukatwa. Kwa hiyo panda gari la kwanza; baba atakukuta hospitali akitoka shamba.