Hotuba Haikupitisha Muswada

Kalamu yangu nyekundu imeisha wino kwa sababu ya sentensi moja. Nimefundisha historia ya Marekani ya karne ya 20 kwa miaka mingi, na kila muhula sentensi hiyo hunirudia kama paka aliyetupwa ng'ambo ya mto: "Mwaka 1963 Martin Luther King alitoa hotuba ya ndoto, Rais Kennedy akaguswa, akasaini sheria ya kufuta ubaguzi." Wiki iliyopita niliikuta katika insha nikavumilia. Jioni yake nikaisikia kwa mtangazaji wa redio, tena kwa sauti ya mtu anayesimulia hekaya, nikaona uvumilivu umetosha. Katika sentensi hiyo jambo la kweli ni moja tu, nalo ni kwamba hotuba ilitolewa.

Tuanze na kalenda, maana kalenda peke yake inatosha kuibomoa. Muswada wa haki za kiraia ulipelekwa Bungeni tarehe 19 Juni 1963, na hotuba ikatolewa tarehe 28 Agosti. Kwa hiyo huyo aliyeguswa aliguswa siku 70 kabla ya kusikia chochote. Kilichomsukuma Kennedy, ambaye kwa zaidi ya miaka miwili alikuwa akikwepa muswada wa namna hiyo kwa kuogopa kuwaudhi wabunge wa Kusini wa chama chake cha Democratic, kilikuwa Birmingham, mji wa Alabama. Tarehe 2 Mei wanafunzi wa shule walianza kutoka kanisani wakiandamana makundi kwa makundi hadi wakajaza jela za mji, na kesho yake Bull Connor, msimamizi wa polisi na zimamoto wa mji, akawaachia mbwa na maji ya mabomba ya zimamoto mbele ya wapiga picha. Tarehe 11 Juni Kennedy alihutubia taifa kwa televisheni, na usiku uleule Medgar Evers, mpigania haki za Weusi, akapigwa risasi mbele ya nyumba yake huko Jackson, Mississippi. Ama maandamano ya Agosti ambamo hotuba ilitolewa, Kennedy hakuyataka: tarehe 22 Juni aliwaita viongozi Ikulu akijaribu kuwashawishi wayaache, kwa hoja kwamba wabunge wangekataa kuonekana wametishwa. Na suala la saini ni jepesi zaidi. Kennedy aliuawa tarehe 22 Novemba 1963, na sheria ilisainiwa na makamu wake aliyemrithi, Lyndon Johnson, tarehe 2 Julai 1964. Marehemu hasaini sheria.

Jina kamili la maandamano hayo lilikuwa Maandamano ya Washington ya Ajira na Uhuru, na neno ajira ndilo lililotangulia. Mwenye wazo alikuwa A. Philip Randolph, mzee wa miaka 74 aliyeongoza chama cha wahudumu Weusi wa mabehewa ya kulala ya reli. Mwaka 1941 aliwahi kumtishia Rais Roosevelt kwa maandamano kama hayohayo, na kabla mtu hajainua mguu Roosevelt akatoa amri ya kupiga marufuku ubaguzi katika ajira za viwanda vya vita. Mtendaji alikuwa Bayard Rustin, ambaye kwa takriban miezi miwili alipanga mabasi, treni, maji ya kunywa na vyoo kwa ajili ya umati uliofikia watu wapatao 250,000. Miongoni mwa madai yao ulikuwamo mpango wa serikali kuu wa kuwapa kazi wasio na kazi, na kima cha chini cha mshahara cha dola 2 kwa saa, wakati sheria ya siku hiyo ilidai dola 1.15 tu. Hata hotuba ya King husomwa nusu. Sehemu yake ya mwanzo, iliyokuwa imeandikwa, inazungumzia hundi: Marekani iliwapa Weusi hundi, wakaipeleka benki, ikarudishwa kwa kuwa akaunti haina fedha za kutosha. Ndoto haikuwamo katika karatasi. King alikuwa ameshaitumia Detroit mwezi Juni, akaiongeza palepale jukwaani. Sina ugomvi na ndoto, ila nashangaa jinsi tulivyoihifadhi hiyo tukapoteza hundi.

Tena waliopanda jukwaani hawakuwa na kauli moja kuhusu muswada. John Lewis, kijana wa miaka 23 aliyeongoza jumuiya ya wanafunzi wapigania haki, alikuwa ameandika kwamba vijana wake hawawezi kuuunga mkono. Wazee wakamwomba alegeze, na alichosoma hatimaye ni kwamba wanauunga mkono kwa mashaka makubwa. Alibakiza, hata hivyo, maneno ambayo msomaji wa Afrika Mashariki angepaswa kuyafahamu kuliko ndoto: kwamba "mtu mmoja, kura moja" ni kilio cha Afrika, na ni chao pia. Kenya ilikuwa bado inasubiri Desemba yake.

Sasa nifike kwenye kinachonikera kuliko vyote, nacho ni ile imani kwamba Bunge ni ukumbi ambamo watu huguswa. Bunge ni ukumbi ambamo watu huhesabiwa. Katika Baraza la Wawakilishi muswada ulifika kwenye Kamati ya Kanuni, inayoamua muswada upi ufike mbele ya baraza zima, ambayo mwenyekiti wake, Howard Smith wa Virginia, aliukalia. Ndipo Johnson, siku tano tu baada ya mauaji, aliposimama mbele ya Bunge na kusema kwamba hakuna kumbukumbu ya Kennedy itakayokuwa bora kuliko kuupitisha muswada huo mapema. Smith akalegea, na tarehe 10 Februari 1964 muswada ukapita kwa kura 290 dhidi ya 130.

Seneti ilikuwa habari nyingine. Kamati ya Sheria iliongozwa na James Eastland, mwenye mashamba wa Mississippi, na ilikuwa kaburi la miswada ya aina hii. Mike Mansfield, kiongozi wa Wademokrati katika Seneti, akaizunguka kwa kuupeleka muswada moja kwa moja kwenye baraza zima. Kundi la maseneta wa Kusini chini ya Richard Russell wa Georgia likaanza filibasta, yaani kuzungumza bila kikomo ili kura isipigwe, na Seneti ikakwama kwa siku 60 za kazi. Tangu kanuni ya kufunga mjadala itungwe mwaka 1917, haikuwahi kufaulu hata mara moja kwa muswada wa haki za kiraia. Ilihitaji theluthi mbili, yaani maseneta 67 iwapo wote 100 wangekuwapo, na Wademokrati wa nje ya Kusini hawakutosha. Ufunguo ulikuwa mikononi mwa Everett Dirksen wa Illinois, kiongozi wa Warepublikani katika Seneti, na wenzake wa majimbo ya kati, ambako Weusi walikuwa wachache kiasi kwamba seneta hakuwa na cha kupata wala cha kupoteza kwao. Hao walifikiwa na makanisa: wachungaji, mapadre na marabi waliwaandikia na kuwatembelea, huku wanafunzi wa seminari wakikesha kwa zamu mchana na usiku kwenye Mnara wa Lincoln, mahali palepale King alipohutubia. Tarehe 10 Juni 1964, baada ya seneta Robert Byrd, mpinzani wa muswada, kuzungumza kwa saa 14 na dakika 13, kura ya kufunga mjadala ilipigwa. Clair Engle wa California, mwenye uvimbe wa ubongo na asiyeweza tena kusema, aliingizwa kwa kiti cha magurudumu, na jina lake lilipoitwa akainua mkono na kuonyesha jicho lake. Kwa Kiingereza jicho na "ndiyo" ya kupigia kura hutamkwa sawasawa. Matokeo yalikuwa 71 dhidi ya 29. Tarehe 19 Juni, mwaka mmoja kamili tangu Kennedy aupeleke Bungeni, muswada ulipita kwa 73 dhidi ya 27.

Wapo wanaozisoma takwimu hizo wakarukia kosa la upande wa pili: Warepublikani 27 kati ya 33 waliunga mkono, Wademokrati 46 kati ya 67, kwa hiyo, wanasema, Warepublikani ndio waliowakomboa Weusi. Hao nao hawajafungua ramani. Majimbo 11 yaliyojitenga katika vita vya wenyewe kwa wenyewe yalikuwa na maseneta 22, na kati yao aliyesema ndiyo ni mmoja tu, Ralph Yarborough wa Texas, Mdemokrati. Mwenzake wa jimbo hilohilo, John Tower, Mrepublikani, alikataa. Mstari ulipita kati ya Kusini na kwingine, haukupita kati ya vyama. Naye Barry Goldwater wa Arizona, aliyepiga kura ya hapana, aliteuliwa na Warepublikani mwezi uliofuata kugombea urais, akashinda jimbo lake na majimbo matano ya Kusini, basi.

Hapa nikiri jambo. Darasani husema kwa sauti ya uhakika kwamba Birmingham ndiyo iliyozaa muswada na hesabu za Seneti ndizo zilizoulea. Nikiwa peke yangu siko imara hivyo. Sijui namna ya kupima kama umati ule wa Agosti, uliotulia mbele ya kamera, ulimlainisha mchungaji fulani wa Iowa aliyemwandikia seneta wake miezi minane baadaye. Kama ulimlainisha, hotuba ninayoipunguza uzito inarudi kupitia mlango wa nyuma. Siku 18 baada ya maandamano bomu liliua wasichana wanne katika kanisa la Birmingham, na huenda ni vifo hivyo vilivyomgusa. Wala sina njia ya kujua kama Kennedy akiwa hai angezipata kura 67. Wanafunzi wakiniuliza, huwa natazama saa.

Ninaloweza kulisema bila wasiwasi ni kuhusu ajira. Sheria ya 1964 ilikataza ubaguzi kazini na kuunda tume ya kusimamia katazo hilo, jambo ambalo Randolph alilipigania tangu 1941. Lakini sehemu ya bei ya kura za kundi la Dirksen ilikuwa kuikata tume hiyo meno, na haikupewa uwezo wa kumshtaki mwajiri mahakamani hadi mwaka 1972. Zile dola 2 kwa saa zilifika tarehe 1 Mei 1974, na mfumuko wa bei ulikuwa umekwisha kuzila.