Mazoezi Yana Dozi: Maswali na Majibu Kuhusu Sayansi ya Michezo

Swali linalowasumbua wanamichezo kuliko mengine yote ni kiasi gani cha mazoezi kinatosha, nalo huulizwa kwa sura nyingi. Majibu yafuatayo yanalitazama zoezi kama daktari anavyoitazama dawa, yaani kitu chenye dozi, chenye muda wake wa kufanya kazi mwilini, na chenye madhara kinapozidishwa.

Kama mazoezi yanachosha, mwili hupata nguvu wakati gani?

Mwili hupata nguvu baada ya mazoezi. Anayemaliza mbio ngumu huwa dhaifu kuliko alivyokuwa kabla ya kuanza: glaikojeni, ambayo ni wanga uliohifadhiwa ndani ya misuli, imepungua, baadhi ya nyuzi za misuli zimechanika kwa kiwango kidogo kisichoonekana kwa macho, na mfumo wa fahamu umechoka. Katika saa na siku zinazofuata, iwapo chakula na usingizi vinatosha, mwili hurekebisha uharibifu huo na kuongeza kidogo juu ya kilichokuwepo, ukijiandaa kwa mzigo kama ule utakaporudi.

Jambo ambalo, kwa maoni yangu, halisisitizwi vya kutosha ni kwamba viungo haviendi kwa mwendo mmoja katika ujenzi huu. Plazma, yaani sehemu ya majimaji katika damu, huanza kuongezeka ndani ya siku chache tu. Mitokondria, zinazozalisha nishati ndani ya seli, huongezeka kwa wiki kadhaa, lakini kano na mifupa huhitaji miezi. Tena mfupa una hatari yake ya pekee: unapopokea mzigo mgeni, mwili huondoa kwanza tabaka lililochakaa ndipo ujenge jipya, hivyo kwa wiki kadhaa sehemu hiyo huwa dhaifu kuliko ilivyokuwa mwanzoni. Ndiyo maana mtu aliyeanza kukimbia hujisikia vizuri mno inapofika wiki ya tano, pumzi haimkatiki tena, naye huongeza umbali kwa furaha, kisha muundi unaanza kumuuma. Moyo wake ulikuwa tayari, lakini mfupa ulikuwa bado.

Kwa nini nikimbie polepole ilhali ninataka kuwa na kasi?

Kwa sababu mazoezi mepesi yanaweza kufanywa kwa wingi bila kuuchosha mwili kupita kiasi, na wingi huo ndio unaokuza moyo, mishipa midogo ya damu na mitokondria. Stephen Seiler, mtaalamu wa fiziolojia kutoka Marekani anayefanya kazi nchini Norway, alichunguza namna wanamichezo wa kiwango cha juu katika michezo ya ustahimilivu wanavyogawanya mazoezi yao, akakuta kwamba takriban vipindi 8 kati ya 10 vilikuwa vyepesi, na vilivyobaki vilikuwa vigumu kwelikweli. Mwanamichezo wa kawaida hufanya kinyume: siku nyepesi anaikimbia kwa kasi kidogo kuliko inavyotakiwa kwa kuwa anaona haya kupitwa na wenzake, na siku ngumu ikifika miguu haina tena nguvu ya kuifanya ipasavyo. Siku zake zote zinafanana, na muda wake wa mbio haushuki.

Kuhusu vipindi hivyo vigumu, wazo la kuvipima si geni. Katika miaka ya 1930 kocha wa Ujerumani Woldemar Gerschler, akishirikiana na daktari Herbert Reindell, alikuwa akiwakimbiza wanariadha wake masafa mafupi mpaka moyo ufike mapigo 180 hivi kwa dakika, kisha anasubiri ushuke hadi 120 ndipo warudie. Mapigo yakikawia kushuka, hiyo ilikuwa dalili kwamba kasi ilikuwa kubwa mno au marudio yamekuwa mengi. Mwanafunzi wake Rudolf Harbig alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 46.6 mwaka 1939, rekodi ya dunia iliyodumu hadi 1955. Linalonivutia katika habari hiyo ni kwamba urefu wa mapumziko uliamuliwa na moyo wa mkimbiaji mwenyewe.

Nitajuaje kwamba zoezi langu ni jepesi au ni gumu kama sina vifaa?

Zungumza. Ukikimbia huku ukimsimulia mwenzako habari ya jana, ukamaliza sentensi ndefu bila kutweta, uko katika kiwango chepesi. Sentensi zikianza kukatika katikati na ukawa unapumua kati ya maneno matatu na matatu, umetoka humo. Na ukiweza kutoa neno moja tu, uko kwenye kazi ngumu. Kipimo hiki kinaonekana cha kitoto, lakini kinakaribiana vizuri na vipimo vya maabara, kwa kuwa pumzi huanza kwenda mbio pale misuli inapoanza kuzalisha kwa kasi laktati, zao la kuvunjwa kwa wanga ambalo wengi huliita asidi ya laktiki.

Ningewashauri watu wawe waangalifu na ile kanuni ya kutoa umri kutoka 220 ili kupata kiwango cha juu cha mapigo ya moyo. Ilienea kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970, nayo haikutokana na utafiti uliopangwa kwa lengo hilo. Mtu wa miaka 40 ataambiwa kiwango chake ni 180, ilhali kiwango chake halisi kinaweza kuwa 168 au 193, naye ni mzima kabisa. Saa ya mkononi inayotumia kanuni hiyo inaweza kumkemea mtu anayefanya zoezi lake sawasawa.

Njia nyingine ni kujipa alama. Mwanasaikolojia wa Sweden Gunnar Borg alitunga kipimo cha ugumu kinachoanzia 6 na kuishia 20, na watu hushangaa kwa nini kisianzie 1. Sababu ni kwamba alama hiyo ikizidishwa kwa 10 inakaribia mapigo ya moyo ya kijana mwenye afya. Makocha wengi leo hutumia toleo rahisi zaidi la 0 hadi 10, ambapo mwanamichezo hutoa alama karibu nusu saa baada ya kumaliza, nayo huzidishwa kwa dakika alizofanya mazoezi. Dakika 60 zenye ugumu wa 4 ni 240. Dakika 40 zenye ugumu wa 8 ni 320. Jumla ya wiki ikiandikwa daftarini, kocha anaona mapema ni nani ambaye mzigo wake umepanda ghafla, na huyo ndiye wa kumwangalia.

Je, maumivu ya siku ya pili yanaletwa na asidi ya laktiki?

Hapana, ingawa imani hii imekaa mno katika viwanja vya michezo. Laktati hurudi katika kiwango cha kawaida ndani ya saa moja hivi baada ya zoezi, ilhali maumivu hukolea kati ya saa 24 na 72. Kukimbia kwenye mteremko huzalisha laktati kidogo lakini huacha maumivu makali, kwa sababu misuli hulazimika kufanya kazi huku ikirefuka, na hapo ndipo nyuzi zake huchanika. Isitoshe, laktati ni nishati inayoweza kutumiwa na moyo na misuli mingine, kwa hiyo mtu anayekandwa ili “kuitoa” anatolewa kitu ambacho hakipo tena.

Kunyoosha viungo kabla ya mchezo huzuia majeraha?

Ushahidi wa hilo ni hafifu, na kuushikilia msuli mmoja ukiwa umenyooshwa kwa zaidi ya dakika moja hupunguza kidogo nguvu yake kwa muda. Kinachosaidia ni kuupasha mwili joto kwa mwendo unaoongezeka taratibu, pamoja na mazoezi ya nguvu ya mara kwa mara. Kuna zoezi moja la misuli ya nyuma ya paja ambalo katika tafiti za wachezaji wa mpira wa miguu limepunguza majeraha ya misuli hiyo kwa karibu nusu: mchezaji hupiga magoti, mwenzake akamshikilia vifundo vya miguu, kisha akajishusha mbele polepole mwili ukiwa umenyooka, akilizuia anguko kwa mapaja mpaka nguvu imwishie na mikono impokee. Kulifanya ni kazi ngumu, na wachezaji huliacha kwa sababu hiyo hiyo.

Ninywe maji kiasi gani?

Jipime uzito. Tuseme mtu ana kilo 62.0 kabla ya mazoezi ya saa moja na kilo 61.1 baada yake, akiwa na nguo chache na amejifuta jasho, na katikati alikunywa mililita 400. Kilo moja ni sawa na lita moja hivi, kwa hiyo ametoa jasho la lita 1.3 kwa saa katika hali ya hewa ile. Akirudia kipimo hicho siku ya baridi atapata jibu jingine, na ndiyo sababu kiasi kimoja cha maji hakiwezi kuwafaa wote. Si lazima kurudisha kila tone papo hapo, lakini ni hatari kurudi nyumbani ukiwa na uzito mkubwa kuliko ulioondoka nao, kwa kuwa kunywa kupita jasho hupunguza sodiamu katika damu, na wakimbiaji wa marathoni wamewahi kufa kwa sababu hiyo.

Kupunguza uzito kutaniongezea kasi?

Kwa muda mfupi huenda ikawa hivyo, na hapo ndipo wengi hunaswa. Mwili unaopewa chakula pungufu kuliko kazi unayofanya huanza kubana matumizi: homoni hushuka, mifupa hudhoofika, kinga hupungua, na kwa wanawake hedhi huvurugika au hukoma. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu tatizo hili mwaka 2014, ikieleza kwamba huwapata wanaume pia. Kocha anayemwambia binti kwamba hedhi kukoma ni ishara ya kuwa tayari kwa mashindano anampotosha, maana hali hiyo inahitaji daktari.

Mwanamichezo hunufaika zaidi akilinganisha chakula na kazi ya siku. Mahitaji ya protini ni gramu 1.2 hadi 2.0 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na katika mashindano yanayozidi saa moja gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa huchelewesha uchovu.

Nifanye nini wiki mbili za mwisho kabla ya mashindano?

Punguza wingi wa mazoezi kwa asilimia 40 hadi 60, lakini usipunguze kasi yake. Aliyekuwa akirudia mbio za dakika 3 mara 6 azirudie mara 3, kwa mwendo ule ule. Katika tafiti nyingi, faida yake ni asilimia 2 hivi. Kwa mkimbiaji wa mita 5,000 anayemaliza kwa dakika 15 hizo ni sekunde 18, na amezipata kwa kupumzika.

Nitatambuaje kwamba dozi imezidi?

Uchovu wa siku mbili tatu ni wa kawaida. Cha kutilia shaka ni matokeo yanayoshuka licha ya wiki nzima ya mapumziko, usingizi unaokatika, hasira zisizo na sababu, mafua yasiyoisha na kukosa hamu ya mchezo wenyewe. Hali hiyo ikifikia kiwango kibaya huchukua miezi kupona, na hakuna kirutubisho kinachoifupisha.

Zipo dalili nyingine zisizosubiri mapumziko. Maumivu ya mfupa yanayoonyeshwa kwa ncha ya kidole kimoja na yanayouma hata usiku huenda ni ufa, na kukimbia kusitishwe hadi mfupa upigwe picha. Anayezimia au kupata maumivu ya kifua katikati ya zoezi asirudi uwanjani kabla moyo wake haujachunguzwa. Na mkojo ukiwa na rangi ya kahawia iliyokolea baada ya mazoezi mazito, misuli ikiwa imevimba na kuuma, aende hospitali siku ile ile, kwa sababu protini inayovuja kutoka kwenye misuli iliyoharibika inaweza kuziharibu figo.