Muvi za ngumi, gemu za bunduki na ukatili: maswali ya wazazi

Mwanangu wa miaka minane akitoka kibanda umiza humpiga mdogo wake mateke, eti yeye ndiye steringi. Muvi zimemharibu?

Bado. Anaiga tu, na kuiga ndiyo kazi ya mtoto. Mwaka 1961 mwanasaikolojia Albert Bandura, wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, aliwaacha watoto wa chekechea wamwone mtu mzima akimtwanga kwa nyundo mwanasesere aliyejazwa upepo. Wengi waliposhuhudia hayo nao walimtwanga, hata maneno ya yule mtu wakayarudia. Miaka miwili baadaye Bandura alitumia filamu, na watoto wakaiga vilevile. Lakini mwanasesere yule alitengenezwa apigwe: ukimwangusha, anainuka mwenyewe. Jaribio lilionyesha kwamba watoto huiga. Kama watakuja kuwa majambazi, halikusema.

Mateke yazuie palepale, umwonyeshe kwamba mdogo wake ameumia kweli. Kwenye muvi steringi huvunjiwa chupa kichwani akaendelea kukimbia, hata plasta habandikwi. Uongo huo mtoto wa umri huo hawezi kuugundua peke yake.

Na gemu? Nasikia wanaoshambulia shule Marekani wote ni wacheza gemu.

Wale wawili walioshambulia shule ya Columbine, Colorado, mwaka 1999, ni kweli walicheza gemu ya kufyatuliana risasi. Ila wavulana wengi mno wa rika lao wanacheza, na hawajamgusa mtu. Washambuliaji wale hata soda walikunywa, wala hatuilaumu soda.

Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilitamka mwaka 2015 kwamba gemu za ukatili zinahusiana na ongezeko la uchokozi. Mwaka 2020 kikafafanua: uhusiano huo ni mdogo, wa mambo kama kufokeana na kusukumana, na ushahidi hautoshi kuzibebesha lawama za mauaji. Mwaka 2019 watafiti wa Oxford walichunguza vijana wapatao 1,000 wa Uingereza, wenye miaka 14 na 15. Habari za tabia zao waliwauliza walezi, hawakutegemea vijana wajisemee. Hawakuona kwamba wacheza gemu za ukatili ni wachokozi kuliko wenzao. Tazama pia Japani na Korea Kusini: gemu zimejaa, mauaji ni machache.

Wapo wasiokubali, akiwemo Craig Anderson, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa huko Marekani, aliyetafiti jambo hili kwa miaka mingi. Anachokitetea zaidi ni kwamba gemu huongeza uchokozi, na hilo kwa mtoto mwenye hasira za karibu si la kupuuza.

Basi ukatili unatoka wapi?

Tuanzie nyumbani. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulikuta kwamba karibu robo tatu ya vijana, wa kike kwa wa kiume, walishafanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18: ngumi, mateke, viboko. Waliotajwa sana ni ndugu na walimu. Mtoto aliyelelewa kwa kipigo, au aliyemwona mama yake akipigwa, yumo hatarini zaidi kuwa mpigaji ukubwani. Ongeza pombe, na silaha iliyo karibu. Mimi humshangaa baba anayevua mkanda kumchapa mtoto kwa kosa la kwenda kuangalia ngumi.

Kwa hiyo nimwache aangalie chochote?

Hapana. Mtoto mdogo huota vibaya, hukataa kulala peke yake, na asubuhi husinzia darasani. Kwa wa miaka miwili hadi minne, Shirika la Afya Duniani linashauri skrini isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora. Kinachonitisha kuliko muvi ni video za mauaji ya kweli zinazosambazwa kwenye simu, ambazo watu wazima tunaziacha zikichezwa mbele ya watoto.

Akianza kutesa wanyama, kubeba kisu, kutishia kuua au kujiua, usisubiri: mpeleke kituo cha afya. Tanzania na Kenya namba ya msaada kwa watoto ni 116, bila malipo.

Wangu ana miaka 16, hasikii.

Kaa ucheze naye mechi moja. Utafungwa, lakini utajua gemu yenyewe ni ipi, na ni nani anayeongea naye humo usiku wa manane.