Si makazi ya mabilionea pekee

Kwa miaka mingi watu wengi wameamini kwamba mitaa ya Marekani iliyojengwa kandokando ya njia ya kurukia ndege ni maficho ya mabilionea wenye ndege za jeti. Dhana hiyo ilipata nguvu kutokana na mwigizaji John Travolta, aliyeegesha Boeing 707, ndege kubwa ya abiria, mbele ya nyumba yake huko Jumbolair, Florida. Huo, hata hivyo, ni mfano wa nadra sana.

Makazi ya aina hii yalianza kuenea baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wakati nchi hiyo ilipokuwa na marubani wengi waliorejea uraiani, na Sierra Sky Park ya Fresno, California, iliyoanzishwa mwaka 1946, ni miongoni mwa ya mwanzo kabisa. Katika mabanda ya wakazi, ndege unazozikuta zaidi ni ndogo, zenye injini moja ya propela, kama vile Cessna 172 yenye viti vinne, ambayo ikiwa kuukuu huweza kuuzwa kwa bei ya chini kuliko gari jipya la kifahari.

Wengine hudhani pia kwamba ndege huruka kutoka barabarani, mbele ya nyumba za watu. La hasha. Huko Cameron Park, California, barabara zina upana wa takribani mita 30, na vibao vya mitaa pamoja na masanduku ya barua vimewekwa chini ili mabawa yapite juu yake, lakini ndege hutambaa tu hapo, ikielekea kwenye njia yenyewe ya kurukia.