Gari la Kambi Likifungwa Kabisa Halikauki

Masika ikikaribia, wenye magari ya kupigia kambi hapa Mombasa hufunga madirisha yote na kuyaacha uani hadi Julai. Siku ya kufungua, harufu ya ukungu ndiyo ya kwanza kuwapokea, na godoro limeota madoa meusi.

"Paa linavuja," wenye gari husema. Huenda, likague. Lakini hata gari lisilovuja lina maji ndani. Tuseme nafasi yake ni mita 10 za ujazo, joto nyuzi 30, unyevu asilimia 75. Hewa hiyo imebeba karibu gramu 230 za mvuke, yaani glasi nzima ya maji. Usiku bati la paa likipoa chini ya nyuzi 25, mvuke hugeuka matone yakachuruzika nyuma ya makabati, mahali usipopaona.

"Jua letu litakausha." Dhana hii naiona imeharibu magari mengi mazuri. Joto hutoa maji kwenye godoro na mbao, ni kweli, ila yakikosa pa kutokea hurudi palepale usiku. Tena gari lililofungwa juani laweza kupita nyuzi 50, na mtungi wa gesi haufai kuachwa humo. Tafuta kivuli kwanza. Banda la makuti lisilo na kuta nalipenda kuliko gereji ya mabati, maana upepo wa kusi unapita.

Turubai la plastiki lililobana gari ni vilevile: huzuia mvua, huzuia na mvuke kutoka.

"Weka makaa." Makaa hupunguza harufu, unyevu kidogo sana. Kloridi ya kalsiamu, dawa ya chembechembe ya kukaushia hewa, ndiyo hunyonya kweli, mpaka ikageuka maji ya chumvi. Iweke ndooni, mbali na chuma. Lakini dirisha likiwa wazi, hewa ya baharini huingia tena na dawa inaisha bure. Hapo lazima uchague: ama ufunge na kukausha kwa dawa au mashine, ama upitishe hewa. Ukichagua hewa, fungua pande mbili zinazotazamana, adhuhuri ya siku kavu, si alfajiri unyevu ukiwa juu kabisa. Ukichagua kufunga, weka kipimo cha unyevu ndani na usikiache kipite asilimia 60.

Njia yoyote utakayoshika, mlango wa friji uache wazi kidogo, na godoro uliingize nyumbani.