Mchicha haukati roho

Lile neno kwamba mboga nazo zina uhai, kwa hiyo asiyekula nyama naye anaua, mwezi huu nimelisikia mara tatu, na mara ya mwisho lilisemwa juu ya sinia la pilau, harusini. Kijana mmoja Msabato alisogeza vipande vya nyama upande wa wenzake, akabaki na wali wake na kachumbari. Mama aliyekaa mkabala naye akamtania: "Mwanangu, hata hiyo nyanya ina uhai. Si unaua vilevile?" Sinia zima likacheka. Kijana akainama, akaendelea kula.

Maana kwanza, haitachukua muda. Uhai ni hali ya kuwa hai: kujilisha, kupumua, kukua, kuzaana, kisha kufa. Nyanya inao, kuku anao, hamira ya maandazi nayo inao. Kuhisi, kwa maana inayotuhusu hapa, ni kuwa na undani ambamo jambo huuma au hupendeza. Anayeacha nyama kwa kumhurumia mnyama huiacha kwa sababu ya hili la pili. (Kijana wetu huenda aliiacha kwa ajili ya afya au imani yake, hakuna aliyemuuliza.) Sijapata kumwona mtu aliyeapa kutokula chochote chenye uhai. Angebaki na maji na chumvi.

Kinachoniudhi ni namna maneno haya mawili yanavyovalishwa kanzu moja. Na kosa si la mama yule, ni la shule.

"Hai" tumelitoa kwenye Kiarabu tukalitangulizia u- yetu, likawa uhai. "Hisi" nalo asili yake huko huko, ila lilipofika kwetu likabebeshwa mizigo. Ukisema "nahisi baridi" unausemea mwili. Ukisema "nahisi upweke" unausemea moyo. Ukisema "nahisi mvua itanyesha" hapo unakisia tu. Kisha likaja somo la sayansi. Sisi tulikariri sifa za viumbe hai kama wimbo, kujongea, kupumua, kukua, na katikati mwalimu akatia "kuhisi". Alikusudia kuitikia mabadiliko, kama mche unavyoinamia upande wa mwanga. Sisi tukaondoka darasani tukiamini kuwa mche una uchungu.

Kuitikia si kuhisi. Pasi ya umeme ikipata moto wa kutosha hujikata yenyewe, na hakuna anayesema imeumia. Chukua kifauongo, kile kimmea kitambaacho uwanjani. Ukikigusa, vijani vinajikunja jozi baada ya jozi mpaka kikonyo chenyewe kinalegea, ungeapa kimeogopa. Kilichotokea ni kwamba seli za kwenye kifundo cha jani zimemwaga maji yake, kama tairi lililotolewa upepo. Hata jina tulilokipa linakiri kwamba kile kifo ni cha uongo.

Najua mtaniletea habari za watafiti, na ni za kweli. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walionyesha kwamba jani likitafunwa na kiwavi, ishara husafiri mpaka kwenye majani mengine yakaanza kujihami. Mwaka 2023 wenzao wa Tel Aviv walinasa milio ya mimea ya nyanya na tumbaku iliyokosa maji au kukatwa shina, milio 30 hadi 50 kwa saa, ya juu kuliko sikio letu linavyoweza kusikia. Vichwa vya habari vikaandika kuwa mimea hulia. Maelezo ya watafiti wenyewe ni kwamba huenda ni viputo vya hewa vinavyopasuka ndani ya mirija ya maji. Mmea hauna neva wala ubongo, na hakuna mahali panapojulikana ambapo ishara ile ingegeuka kuwa uchungu.

Sasa mtazame kuku. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2000 huko Uingereza, kuku wa nyama wenye kuchechemea waliwekewa vyakula viwili, kimoja kikiwa na dawa ya maumivu. Waliokuwa wanachechemea walikula zaidi kile chenye dawa, na kadiri kilema kilivyozidi ndivyo walivyokula zaidi. Hiyo siyo pasi inayojikata.

Na Kiswahili chenyewe kinaijua tofauti hii, ila tunapita juu yake. Vitabu vya shule husema ngeli ya A-WA ni ya viumbe vyenye uhai "isipokuwa mimea". Kama jambo ni uhai, mimea imetolewa kwa kosa gani? Mbuzi amekufa, mwembe umekufa. Sitaiegemea sana sarufi, maana bakteria nao tunasema "wamezaliana". Lakini sikiliza vitenzi. Mchicha huchumwa, muhogo hung'olewa, mbuzi huchinjwa, tena Mwislamu anapomchinja humtajia jina la Mungu, utaratibu ambao muhogo unapong'olewa hauna. Mwembe hunyauka, hukauka, hata hufa, ila sijapata kusikia mwembe uliokata roho. Na yule mbuzi wa harusini asubuhi alikuwa "huyu". Saa saba mchana, juu ya sinia, amekuwa "hii".

Wajaini, wafuasi wa dini ya kale ya India inayokataza kudhuru kiumbe, wamelipanga jambo hili vizuri kuliko sisi. Wana hekalu lao la marumaru nyeupe Mombasa, kwa hiyo hatuhitaji kwenda India kuwauliza. Wao hukubali kabisa kwamba mmea una uhai, kisha huhesabu milango ya fahamu: mmea una mmoja tu, wa kugusa, na mnyama kama mbuzi anayo yote mitano. Ndiyo maana wanaoshika dini sawasawa hawali hata kitunguu, kiazi wala karoti, kwa kuwa ukiking'oa umeumaliza mmea mzima pamoja na vidudu vya udongoni. Mwambie Mjaini kwamba nyanya ina uhai, ataitikia kwa kichwa, na sahani ya nyama ataipisha vilevile.

Mpaka wenyewe hauko wazi kila mahali. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2022 imewaweka pweza, kaa na kamba miongoni mwa wanyama wenye kuhisi. Chaza, asiye na ubongo, hayumo. Mimi pweza wa nazi namla, na nikimwona mvuvi anavyompigapiga kwenye mwamba ili alainike, sina hakika nimesimama wapi.

Kwa hiyo, mama, nyanya ina uhai, hujakosea. Ulitaka kumbana kijana, na hoja zipo: ungemuuliza mfugaji wa nyika kavu, pasipoota mahindi, ale nini kama si maziwa na nyama. Ungemuuliza panya wangapi hufa trekta likilima shamba la maharage. Hizo angelazimika kuzijibu. Ya nyanya angeimeza tu, na kachumbari yake.